Aliye Chini ya Mteremko

Huku Masama, mlimani Uchaggani, hakuna safari ya gari isiyo na mteremko. Ukiiacha barabara kuu ya Moshi–Arusha pale Kwa Sadala na kugeuza gari kuelekea mlimani, injini ndiyo inayobeba kazi. Mashamba ya mahindi yanabaki nyuma, migomba inasogea hadi ukingoni mwa barabara, kahawa inajitokeza chini ya kivuli chake, hewa inaanza kupoa. Wakati wa kurudi mambo yanageuka: injini inapumzika na kazi inahamia kwenye breki. Dereva wa mji wa tambarare anaweza kumaliza mwezi mzima asizikumbuke breki zake. Wa Masama hawezi kushuka sokoni kununua chumvi bila kuzikabidhi roho yake.

Kwa hiyo taa mbili ndogo za kwenye dashibodi zinastahili kufikiriwa kuliko tunavyozifikiria. Moja ni nyekundu, yenye duara na alama ya mshangao katikati. Nyingine ni ya njano, yenye herufi tatu: ABS. Kwenye magari yetu ya siku nyingi taa hizi huwaka miezi na miezi hadi macho yakazizoea. Dereva haziangalii tena, na abiria anadhani ndivyo gari lilivyoumbwa. Lakini taa ya breki ina jambo la pekee ambalo taa nyingine hazina. Anayeweza kuitii ni mtu mmoja tu, yule aliyeshika usukani, ilhali habari inayoitoa inawahusu watu wengi walio mbele ya gari, na zaidi sana aliye chini ya mteremko. Huyo wa chini haoni dashibodi yetu. Anatuamini tu kwamba sisi tunaoiona tumeisoma na kuitii.

Magari yenyewe tunayajua. Ni Toyota RAV4 na Prado, Nissan X-Trail, Suzuki Escudo, Subaru Forester, Mitsubishi Pajero. Yameteremshwa bandarini Dar es Salaam kutoka Japani yakiwa yameshatumika miaka kumi au zaidi, kisha yakaanza maisha ya pili huku kwetu. Kuyapenda si anasa. Tumbo lake liko juu ya mawe, mengi yanavuta kwa magurudumu yote manne, na masika ya Machi hadi Mei ikiulowesha udongo mwekundu wa njia za vihambani, ndani ya mashamba ya nyumbani, gari la chini halipandi. Ndiyo yanayomkimbiza mgonjwa hospitali usiku, yanayobeba saruji na mikungu ya ndizi, yanayomleta marehemu nyumbani. Gari la namna hiyo ni la ukoo, hata kama kadi ina jina la mtu mmoja.

Huko yalikotoka, gari dogo jipya la mtu binafsi hukaguliwa rasmi likifikisha miaka 3, halafu kila baada ya miaka 2. Tangu Februari 2017, gari linalofikishwa kwenye ukaguzi huo huku taa ya onyo ya breki au ya ABS ikiwaka hurudishwa bila kukaguliwa. Ukaguzi una gharama, na gharama hizo ni sababu mojawapo ya Wajapani kuyauza magari yao yakiwa bado na nguvu. Sisi tunalipokea gari lililolelewa kwa nidhamu hiyo, kisha tunaliacha lizeeke bila nidhamu hiyo. Sheria tunayo, Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973. Tunayo pia Wiki ya Nenda kwa Usalama, na stika yake tunaibandika kwenye kioo cha mbele. Lakini stika inashuhudia hali ya gari siku ile lilipokaguliwa. Taa ya dashibodi inashuhudia kila unapowasha gari.

Tuitazame kwanza kazi tunayozipa breki, hao watumishi wanne wa magurudumuni. Gari la kilo 1,700 likishuka mita 600 za kimo, na anayetoka vijiji vya juu vya Masama kwenda tambarare hushuka kimo cha namna hiyo, linaachia nishati inayokaribia megajuli 10. Nishati hiyo inatosha kuchemsha lita 30 za maji ya baridi. Upepo, matairi na injini huchukua sehemu yake. Inayobaki lazima igeuke joto, na joto hilo linaishia kwenye diski, ngoma, pedi na shuu. Dereva anayeshuka na gia kubwa, mguu ukiwa juu ya breki njia nzima, anazipika. Pedi zikipata moto kupita kiasi, mshiko unapungua na harufu kali inaingia ndani ya gari. Hapo anayejua anasimama na kusubiri zipoe.

Mafuta ya breki nayo yana kikomo chake. Kwa asili yake yananyonya unyevu wa hewa. DOT 3 ikiwa mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini ikishaingiwa na maji kikomo hicho hushuka hadi 140. DOT 4 hutoka 230 hadi 155. Mafuta yakichemka ndani ya bomba yanakuwa mvuke, mvuke unabonyea, na pedali inazama sakafuni bila kushika. Kwa sababu hiyo watengenezaji wengi wanaagiza yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi. Na hapa pana jambo la kuogofya: hakuna taa inayowaka kwa ajili ya mafuta yaliyozeeka. Kikopo kinaweza kujaa hadi kwenye alama, dashibodi ikawa safi, na hatari ikawa imekaa ndani ya bomba kimya. Taa zinatuambia mengi, lakini hazikukusudiwa kufikiri kwa niaba yetu.

Taa nyekundu ina maneno machache. Inaweza kusema hendibreki haijashuka yote, au swichi yake imekaa vibaya, hilo dogo. Inaweza kusema mafuta kwenye kikopo yamepungua. Hilo kubwa, na ndilo tunalolichukulia kwa wepesi kuliko yote. Mtu ananunua chupa dukani, anaongeza, taa inazimika, safari inaendelea. Lakini mfumo wa breki hauli mafuta kama injini chakavu inavyokula oili. Yakipungua, ama pedi zimelika, pistoni zimesogea nje na mafuta yamezifuata kujaza nafasi, ama yanavuja. Anayeongeza bila kutafuta sababu amemnyamazisha shahidi kabla hajamaliza kusema.

Kuvuja kwenyewe kuna maficho. Hosi iliyopasuka karibu na gurudumu inaonekana kwa anayeinama. Silinda ya gurudumu la nyuma ikivuja, mafuta yanalowesha shuu ndani ya ngoma, na kwa nje huoni kitu mpaka ngoma ifunguliwe. Masta silinda ikivuja kwa upande wa nyuma, mafuta yanaingia ndani ya busta inayousaidia mguu, na chini ya gari hakidondoki kitu. Naye aliyeishiwa mafuta ya breki njiani akamimina oili ya injini kwenye kikopo amefanya baya zaidi. Oili ya petroli inavimbisha mipira ya mfumo mzima, na mfumo ulioingiwa na oili hiyo hauponi kwa kuoshwa. Mipira yote lazima ing'olewe na kuwekwa mipya.

Kuna pia magari ambayo taa nyekundu huja na mlio. Prado nyingi za mwaka 2002 hadi 2009 zinasaidiwa breki na pampu ya umeme inayohifadhi shinikizo. Pampu hiyo ikichoka, taa inawaka, kengele inalia bila kukoma, na pedali inakuwa ngumu kama ukuta, kwa sababu msaada umeondoka na umebaki mguu wako peke yake. Gari la tani mbili kwenye mteremko halisimamishwi kwa mguu mtupu isipokuwa kwa taabu kubwa. Ukiusikia mlio huo, safari imeishia hapo.

Taa ya njano ina historia ndefu zaidi. Wazo la kuzuia gurudumu lisikwame wakati wa kufunga breki lilianzia kwenye ndege, na katika miaka ya 1950 ndege nyingi zilitumia kifaa cha Dunlop kilichoitwa Maxaret, kilichofanya kazi bila kompyuta. Mwaka 1966 kifaa hicho kiliwekwa kwenye gari la Kiingereza, Jensen FF. Mwaka 1978 Bosch na Mercedes-Benz walileta ABS ya kielektroniki kwenye gari la S-Class, na kutoka hapo ikashuka taratibu kwa magari ya watu wa kawaida, mpaka ikatufikia sisi ndani ya RAV4 iliyotumika.

Kazi yake inaeleweka kirahisi. Kila gurudumu lina sensa iliyokaa karibu sana na ringi yenye meno. Gurudumu likizunguka, meno yanapita mbele ya sensa na kompyuta inahesabu kasi. Ikiona gurudumu moja linataka kusimama ghafla huku mengine yanazunguka, inalilegezea shinikizo, inalirudishia, inalilegezea tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Mguu wako unahisi pedali ikitetemeka na chini unasikia mkwaruzo. Faida yake kuu ni kwamba gurudumu linalozunguka linageuka unapougeuza usukani. Lililokwama linateleza moja kwa moja lilikokuwa likienda. Kwenye kokoto na vumbi la juu ya barabara ya udongo, gari lenye ABS linaweza hata kuchukua nafasi ndefu zaidi kusimama, maana gurudumu lililokwama hujikusanyia udongo mbele yake na kuzuiwa nao. Lakini hata hapo uwezo wa kukwepa unabaki mikononi mwa dereva, na mtoto aliyeruka barabarani hukwepwa kwa usukani.

Taa ya njano ikiwaka na kubaki, kompyuta imejipima, imeona haiwezi kuziamini habari inazozipata, na imejitoa kazini. Ni uaminifu wa hali ya juu kwa chombo kisicho na roho. Binadamu wangapi wakigundua hawana uhakika husema wazi na kukaa pembeni?

Jibu letu la gerejini tunalijua: "Bosi, hiyo ABS tu, breki zinashika." Maneno hayo ni kweli kwa nusu. ABS ikijitoa, breki za kawaida zinabaki, pedali inafanya kazi na gari linasimama kama walivyolisimamisha madereva wa zamani. Nusu nyingine haisemwi. Dereva wa zamani alijua hana ABS, akajifunza kubonyeza na kuachia mwenyewe. Wa leo amezoea gari linalomsahihisha, na siku ya lami iliyolowa, akikanyaga kwa hofu, atagundua kwamba msahihishaji alishaondoka siku nyingi. Tena kwenye magari mengi kompyuta hiyohiyo ndiyo inayogawa nguvu ya breki kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Taa ya njano na nyekundu zikiwaka pamoja, huenda mgawanyo huo nao umepotea. Mteremkoni uzito mwingi umelala mbele na nyuma ni kwepesi. Magurudumu ya nyuma yakikwama kwanza, gari linazungusha mkia. Nusu ya kweli inatosha kwenye tambarare kavu. Mlimani haitoshi.

Basi kutafuta kosa kunataka moyo gani? Wazee waliochimba mifongo, ile mifereji ya maji ya Uchaggani, walikuwa nao. Maji yakikatika kihambani, hawakuchimba mfereji mwingine. Walitembea kando ya mfongo uleule, kutoka shambani kurudi juu mpaka kwenye banio mtoni, wakiangalia wapi ukingo umebomoka, wapi jiwe limeziba, wapi jirani amejifungulia usiku. Walijua kwamba mahali maji yanapokosekana si lazima pawe ndipo yalipopotea. Fundi mzuri wa taa ya ABS anafanya hivyohivyo: anaufuata mstari.

Anaanza kwa kuuliza. Taa inawaka gari likiwashwa tu, au likishatembea kidogo? Ilianza baada ya mvua? Baada ya kubadilisha beringi? Baada ya gari kukwama kwenye matope? Ikiwaka pamoja na taa ya betri, anapima umeme kabla ya kugusa gurudumu lolote, maana betri iliyochoka au alteneta inayokufa inatosha kuwasha taa za breki na ABS kwa pamoja. Anatazama matairi, kwa sababu tairi moja likiwa na kipimo tofauti na mengine linazunguka kwa kasi yake, na kompyuta inadhani pana hitilafu. Hayo yote hayahitaji mashine. Yanahitaji macho, masikio na mita ya umeme.

Kisha anasoma namba ya kosa. Vile vifaa vya bei nafuu vinavyochomekwa kwenye soketi iliyo chini ya usukani na kuonyesha habari kwenye simu husoma injini, na vingi haviifikii kompyuta ya ABS. Atakayeviamini ataambiwa gari ni zima. Kwa Toyota nyingi za zamani kuna njia isiyo na gharama: fundi anaunganisha kwa kipande cha waya matundu mawili ya soketi hiyo, Tc na CG, yaani namba 13 na namba 4, anawasha swichi, na taa ya ABS inaanza kukonyeza. Ikikonyeza sawasawa bila kupumzika, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikikonyeza kwa mafungu, mafungu hayo ni tarakimu. 31 ni sensa ya mbele kulia, 32 ya mbele kushoto, 33 ya nyuma kulia, 34 ya nyuma kushoto, na 41 ni umeme wa betri. Gari lenyewe linaeleza kwa taa ileile tuliyokuwa tukiichukia. Ila asiyeyajua matundu hayo asiyaguse, kwa kuwa kukosea kunaweza kuunguza kompyuta.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Namba 33 haisemi sensa imekufa. Inasema habari za gurudumu la nyuma kulia hazifiki au hazieleweki. Yaani maji hayafiki shambani. Huenda waya umekatika pale unapojikunja gurudumu linapopanda na kushuka kwenye mawe. Huenda soketi imeingia kutu. Huenda vumbi la chuma limeganda kwenye sumaku ya sensa. Huenda beringi imelegea na ringi inayumba mbali na sensa. Huenda ringi yenyewe imevimba kwa kutu au imepasuka. Magari yaliyoishi Hokkaido na mikoa mingine ya theluji, ambako chumvi humwagwa barabarani, huja na tumbo lililokwisha kuliwa. Huenda aliyebadilisha beringi, ya aina yenye sumaku badala ya ringi ya meno, aliigeuza, ule upande wenye sumaku ukaangalia kusikotakiwa. Kununua sensa mpya kabla ya kuangalia hayo ni kuchimba mfereji wa pili. Fundi makini anapima ukinzani wa sensa ya kulia na kuulinganisha na ya kushoto, anatikisa gurudumu likiwa juu ya jeki, anafuata waya kwa vidole mpaka mwisho wake. Mara nyingi anachokikuta kinatibiwa kwa kusafisha na kuunga vizuri.

Sasa niseme neno kwa ajili ya mafundi, maana lawama nyingi wanabebeshwa wao. Wenye magari tuna desturi mbaya: tunalipia spea, hatulipii utafutaji. Fundi akifunga sensa mpya tunatoa pesa bila kunung'unika, hata kama sensa ya zamani ilikuwa nzima. Akitumia asubuhi nzima chini ya gari, akakuta waya umekatika, akauunga na taa ikazimika kwa haki, tunamuuliza, "Kwani umefanya nini cha kulipwa hivyo?" Kwa swali hilo tunamfundisha kubahatisha. Tunamwambia kwamba akili na subira yake havina bei, chuma ndicho chenye bei. Kijana aliyejifunza ufundi chini ya mti kwa mjomba wake, bila darasa, akajua kusoma kukonyeza kwa taa na kufuata umeme kwa mita, ana elimu ambayo mlima huu unaihitaji. Alipwe kwa elimu hiyo, naye ataitunza.

Lakini kuna kazi moja ambayo haifai kulipiwa wala kufanywa: kuizima taa bila kuondoa kosa. Inafanyika. Wengine wanang'oa balbu nyuma ya dashibodi. Wengine wanaziba kwa gundi nyeusi. Wajanja zaidi wanaiunganisha taa ya ABS na taa nyingine, tuseme ya oili, ili iwake na kuzimika nayo, na mnunuzi aone kila kitu kiko sawa. Gari linauzwa likiwa limeng'olewa ulimi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa methali inazidi kuwa chungu: anayeficha ni muuzaji, na anayeumbuliwa ni mwingine kabisa, mama aliyenunua gari kwa mkopo wa kikundi, au mpita njia asiyemjua muuzaji wala mnunuzi.

Kinga ya hila hiyo iko mikononi mwa kila mnunuzi. Kabla ya kuwasha injini, fungua swichi na utazame dashibodi. Taa ya ABS lazima iwake yenyewe kwa sekunde chache, kisha izimike yenyewe. Isipowaka kabisa, usifurahi. Hiyo ni mbaya kuliko inayowaka muda wote, kwa sababu inayowaka bado inasema kweli. Iangalie pia saa yake ya kuzimika. Ikizimika sawia na taa ya oili, pale injini inaposhika, mwombe fundi wako afungue dashibodi kabla hujatoa fedha. Muuzaji mwaminifu hatakataa.

Na kushuka kwenyewe kuna adabu yake. Shuka na gia ndogo, hata gari la otomatiki lina L, 2 au kitufe cha kupunguza gia, ili injini ishike sehemu ya uzito. Bonyeza breki kwa uthabiti, punguza mwendo, achia zipumue. Usiweke frii mteremkoni, na usizime injini kwa kuokoa petroli: injini ikizimika, busta inabakiwa na nguvu ya kubonyeza mara moja au mbili, na usukani unakuwa mzito wakati unaouhitaji kuliko wakati wowote.

Sasa turudi kwa aliye chini ya mteremko. Tarehe 24 Februari 2024, huko Ngaramtoni nje kidogo ya jiji la Arusha, lori lililoelezwa kuwa breki zake zilishindwa liliyagonga magari mengine matatu. Watu 25 walikufa. Breki za lori ni za upepo na si za mafuta kama za RAV4, na sipendi kuzichanganya. Ninachokitaja ni mahali walipokuwa waliokufa. Wengi walikuwa ndani ya magari mengine, katika safari zao, na hakuna hata mmoja kati ya hao aliyekuwa na uwezo wa kuitazama dashibodi ya lori lile.

Barabara za Masama nazo zina watu wake wa chini. Kuna wanafunzi wanaotembea ukingoni kwa makundi, akina mama wenye mikungu kichwani wanaoelekea sokoni, bodaboda waliojipanga kivulini, waumini wanaotoka kanisani wakiwa wametapakaa barabarani wakisalimiana. Na Desemba, watoto wa mlima wanaporudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Mwanza, Dodoma na Nairobi, barabara hizihizi hujaa magari yaliyotoka mbali, yamebeba familia nzima na mizigo juu, yakiendeshwa na watu ambao mwaka mzima wameendesha tambarare. Wakati huohuo vuli imelowesha lami. Gari lililovumilia taa yake miezi kumi na moja mjini linaletwa kujaribiwa mahali pagumu kuliko pote, mbele ya ndugu wote wa mwenye gari.

Sisemi gari la zamani lisipande mlima. Wengi wetu hatuna jingine, na gari la miaka ishirini lililotunzwa linashuka salama kuliko jipya lililopuuzwa. Sisemi pia kila taa ni mauti. Nasema kila taa ni swali lililoulizwa kwa niaba ya watu wasioweza kuliuliza, na dereva ndiye pekee aliyepewa nafasi ya kulijibu. Anayelijibu kwa kung'oa balbu amewaamulia wengine bila kuwaambia.

Basi wewe unayejiandaa kupanda kwenda nyumbani, au unayeishi huku na kushuka kila asubuhi, fanya haya kabla ya safari ijayo. Fungua swichi, hesabu taa zinazowaka na zinazozimika. Fungua boneti, tazama kikopo cha mafuta ya breki. Kikiwa kimepungua, tafuta yalikokwenda kabla ya kuongeza. Kama hujui mafuta hayo yana umri gani, yabadilishe. Taa ikibaki inawaka, mpelekee fundi anayetafuta, na umlipe kwa kutafuta kwake. Taa nyekundu ikiwaka na hendibreki iko chini, usishuke. Egesha gari, weka mawe kwenye magurudumu, panda Hiace au teremka kwa miguu. Mnada utakungoja na harusi itakusamehe.